Kushusha na Kupandisha Boti Kwenye Mteremko wa Umma Kando ya Mto Mkubwa

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana boti ya fibaglasi yenye urefu wa mita 5.5 na injini moja ya nyuma, na kwa misimu kadhaa amekuwa akiishusha ziwani bila tabu yoyote. Hivi karibuni aliipeleka kwa mara ya kwanza kwenye mteremko wa umma ulio kando ya mto mkubwa. Mara tu boti ilipoelea, tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ilizunguka, ubavu ukagonga nguzo ya gati, na kamba ikamponyoka mwenzake mkononi. Alipotaka kuipandisha jioni, boti ilikaa upande juu ya trela mara tatu mfululizo huku magari mengine yakisubiri nyuma yake. Anauliza afanye nini tofauti, kama kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu mmoja au na msaidizi mmoja tu, na ni wakati gani aamue kurudi nyumbani bila kuitia boti majini.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: mtoni, mpangilio wote wa kazi huamuliwa na mkondo. Mkondo ndio unaokuambia utumie upande gani wa gati, kamba ipi ifungwe kwanza, trela izamishwe kiasi gani na urudi kwa pembe ipi, na mkondo huo sharti usomwe ukiwa bado umesimama nchi kavu. Ujuzi ulioupata ziwani haukupotea, ila ulijengwa juu ya maji yanayokaa mahali pamoja, na hapo ndipo ulipokosea njia.

Tuanze na kile kilichomponyoka mwenzako. Nguvu ya mkondo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, yaani mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Chukua boti kama yako, iliyozama kiasi cha sentimita 40. Ikiukabili mkondo kwa ubavu, eneo linalosukumwa na maji ni kama mita za mraba 2.2. Katika mkondo wa nusu mita kwa sekunde, ambao mtu aliye ukingoni huweza kuuona kuwa maji yaliyotulia tu, msukumo unakaribia uzito wa kilo 28. Mkondo ukifika mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, msukumo unapita uzito wa kilo 100. Hakuna mtu awezaye kuuzuia mzigo huo kwa kamba iliyolowa, akiwa amesimama kwenye zege linaloteleza. Kwa hiyo mwenzako hakuzembea. Alipewa kazi isiyowezekana. Boti hiyo hiyo ikielekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye mkondo, msukumo hushuka hadi sehemu ndogo ya ule wa ubavuni, kwa kuwa maji hugawanyika na kupita pande zote mbili. Karibu kila jambo nitakaloeleza hapa chini lina lengo moja, nalo ni kuhakikisha kwamba boti haipati nafasi ya kuupa mkondo ubavu wake kabla haijashikwa mahali pawili au kabla injini yake haijawaka.

Ukifika, basi, usiende moja kwa moja kwenye mteremko. Egesha gari katika eneo la maandalizi, shuka, na utembee kwa miguu hadi majini. Tupa kijiti majini karibu na mahali trela itakapoingia, kisha hesabu sekunde kinazotumia kupita mita kumi ulizozipima kwa hatua zako. Sekunde ishirini ni nusu mita kwa sekunde. Sekunde kumi ni mita moja. Rudia jaribio hilo ukitupa kijiti mbali kidogo na ukingo, kwa sababu mtoni maji ya ukingoni na maji ya mita sita mbele huwa na tabia mbili tofauti. Hilo lina uzito mkubwa kwako, kwa kuwa boti inaposhuka kinyumenyume, tezi ndiyo inayotangulia kufika kwenye maji ya kasi wakati omo ingali kwenye maji ya polepole. Tofauti hiyo ya kasi kati ya ncha mbili za boti ndiyo iliyoizungusha yako. Angalia pia kama kuna mahali ambapo maji yanarudi nyuma. Upande wa chini wa gati, wa ukuta unaochomoza au wa mwamba, mara nyingi hutokea mzunguko ambao maji yake karibu na ukingo hukimbia kuelekea upande wa juu wa mto, na mtu asiyeliona hilo hujiandaa kwa mkondo unaotoka kushoto ilhali boti yake itasukumwa kutoka kulia.

Baada ya mkondo, chunguza mteremko wenyewe. Miteremko mingi iliyojengwa vizuri hushuka kwa asilimia 12 hadi 15, yaani kati ya mita 1.2 na 1.5 kwa kila mita kumi, na zege lake huchongwa mifereji ili magurudumu yashike. Mfereji huo hausaidii chochote ukiwa umejaa tope. Mto unapofurika na kushuka, huacha tabaka la tope laini juu ya zege, na mstari ambao maji hupanda na kushuka huota utando wa kijani wa mwani ambao huteleza hata kwa viatu vizuri. Jambo la hatari zaidi ni mwisho wa zege, kwa kuwa huwa hauonekani. Wakati wa kiangazi maji yakipungua, trela hulazimika kwenda mbali zaidi, na magurudumu yake huweza kuporomoka kutoka kwenye ukingo wa zege hadi kwenye shimo lililochimbwa na rafadha, yaani panga za injini, za boti zilizotangulia. Wakati wa kuivuta, ekseli hunasa kwenye ukingo huo na kuweza kupinda au kung'oka. Beba upondo mrefu, au ufito wowote ulio imara, na uutumie kupapasa chini mpaka ujue zege linaishia wapi. Dakika tano za upondo ni bora kuliko maelezo ya mtu yeyote, kwa sababu maelezo yake yanahusu kina cha maji cha siku aliyokuja yeye.

Kina hicho hubadilika kwa sababu zisizotokana na mvua pekee. Chini ya mabwawa ya umeme, maji yanaweza kufunguliwa na mto ukapanda haraka hata siku ambayo anga ni nyeupe. Mahali pengine onyo hutolewa kwa king'ora, na mahali pengine kwa ubao tu, kwa hiyo soma kila kilichoandikwa kabla ya kuacha gari karibu na maji. Karibu na bahari, kujaa na kupwa huingia mtoni mbali kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika Mto Columbia huko Marekani, athari ya bahari huhisiwa mpaka chini ya Bwawa la Bonneville, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani. Penye maji ya namna hiyo, mteremko uliokuwa na mita mbili za zege majini asubuhi unaweza kuwa na nusu yake mchana, na mahali palipo karibu zaidi na bahari mkondo wenyewe hugeuka. Mamlaka zinazosimamia mito mikubwa huweka vipimo vya kina, na nyingi huchapisha vipimo hivyo kila siku. Linganisha kipimo cha leo na cha jana. Mto unaopanda huleta magogo, mto unaoshuka huleta tope.

Maandalizi yenyewe sitayarefusha, kwa kuwa yale ya ziwani yanatosha, mradi yote yafanywe katika eneo la maandalizi na si kwenye mteremko. Kizibo cha tundu la kutolea maji kikazwe. Mikanda ya nyuma ifunguliwe, lakini mkanda wa winchi (kifaa cha mbele ya trela cha kuvutia boti) na mnyororo wa usalama wa omo vibaki mpaka boti iguse maji. Mteremko wenye utelezi umeangusha boti nyingi kwenye zege kwa sababu mwenyewe alifungua kila kitu mapema. Chomoa waya wa taa za trela. Wape beringi za magurudumu muda wa kupoa baada ya safari ndefu, kwa sababu zikitumbukizwa zikiwa na joto kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupita kwenye sili. Kama injini ni ya ndani na inatumia petroli, washa feni ya kutolea mvuke kwa dakika nne kabla ya kuiwasha. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha hapo hapo, si baadaye. Maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15 humfanya mtu apige pumzi za ghafla asizoweza kuzizuia katika dakika ya kwanza, na wengi waliozama kando ya magati walijua kuogelea.

Mambo mawili ya maandalizi ni ya mtoni hasa, na hayo nayasisitiza. La kwanza ni kamba. Funga kamba moja kwenye omo na nyingine kwenye tezi, kila moja ndefu kuliko boti yenyewe, na uziweke zikiwa zimekunjwa vizuri upande utakaoelekea gati. La pili ni dapra za ubavuni, yaani mito ya kukinga boti isigonge gati: zifunge tatu, zote upande ambao mkondo utaisukumia boti, na si kuzigawa pande zote mbili kwa ajili ya usawa. Ungekuwa na dapra upande ule, ile nguzo isingeacha alama.

Sasa kuhusu upande wa gati. Mahali pengi mteremko huwa na gati upande mmoja au katikati ya njia mbili, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua njia ambayo gati liko upande wake wa juu wa mto, ili boti yako ikae upande wa chini wa gati hilo. Watu wengi huchagua kinyume chake, kwa sababu wanafikiri kwamba ni vizuri mkondo uibandike boti kwenye gati. Ni kweli kwamba itabandikwa, lakini itabandikwa kwa ubavu wake wote na kwa uzito ule wa kilo mia na zaidi, na utakapotaka kuondoka hutaweza kuisogeza. Zaidi ya hayo, mguu au mkono ukiwa kati ya boti na gati hauna pa kutokea. Upande wa chini, mkondo unaisukuma boti mbali na gati, kamba mbili zinaizuia, nguzo zenyewe zinapunguza kasi ya maji kidogo, na kuondoka ni suala la kufungua kamba tu. Pale ambapo gati liko upande wa chini pekee na huna chaguo, usiiegeshe boti hapo kabisa isipokuwa maji ni ya polepole. Mtu awe ndani, injini iwashwe boti ingali juu ya trela, na atoke moja kwa moja mpaka maji ya wazi.

Kuhusu kurudi kinyumenyume na trela nitasema machache. Weka mkono kwenye sehemu ya chini ya duara la usukani. Mkono ukienda kushoto, trela huenda kushoto, na kinyume chake. Masahihisho yawe madogo, na trela ikipinda sana, songa mbele uinyooshe badala ya kupigana nayo. Haya yajifunze kwenye uwanja mtupu. Fungua madirisha ya gari, fungua mkanda wa kiti unapofika majini, na asibaki mtoto wala abiria ndani. Asisimame mtu yeyote nyuma ya trela wala katikati yake na gari, hata kwa sekunde chache za kutoa maelekezo. Ukisimama, weka gia ya kuegeshea au gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, na uweke kabari nyuma ya magurudumu ya gari.

Mkiwa wawili, mgawanyo wa kazi ninaoupendekeza huwashangaza wengi: yule anayeijua boti zaidi akae ndani ya boti, na msaidizi aendeshe gari. Kwa kawaida mwenye boti hujipa usukani wa gari kwa sababu kurudi na trela kunaonekana kuwa ndiyo kazi ngumu, kisha humwachia mgeni kazi ya kushika kamba mtoni. Kurudi na trela kunafundishika kwa alasiri moja. Kuisoma boti inayoanza kusukumwa na mkondo hakufundishiki kwa alasiri moja. Basi msaidizi ashushe trela mpaka maji yafikie injini kiasi cha kufunika matundu yake ya kuvutia maji, huku omo ikiwa bado imelala juu ya mihimili ya trela inayoibeba boti na mkanda wa winchi umekaza. Hapo uwashe injini, uhakikishe inatoa maji ya kupoozea, uvae kamba ya kuzimia injini mwilini mwako, na uiache ingurume kwa utulivu kwa dakika moja. Injini isiyotaka kuwaka ni shida ndogo ukiwa juu ya trela, na ni hatari ukiwa katikati ya mkondo na matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo, yanakuja. Ikishatulia, msaidizi afungue winchi na mnyororo, ashushe trela kidogo zaidi, nawe urudi nyuma polepole na kwa mstari mmoja. Tezi itakapoanza kusukumwa, usijaribu kuirudisha; iache ishuke na mkondo, kwa sababu boti ikishakuwa huru, kushuka kwa tezi ndiko kunakoielekeza omo juu ya mto, na hilo ndilo unalolitaka. Kilichokudhuru wewe ni kwamba tezi ilishuka wakati upande huo kulikuwa na nguzo na injini ikiwa imezimwa.

Ukiwa peke yako, kazi inawezekana kwa masharti: kuwepo gati upande wa juu, na mkondo usizidi nusu mita kwa sekunde. Shusha trela mpaka tezi ianze kuinuka lakini omo ingali imelala. Simamisha gari kama nilivyoeleza, panda gatini, na ufunge kamba zote mbili, ile ya omo na ile ya tezi, kwenye vifungio vya gati zikiwa na ulegevu mdogo. Ndipo ufungue winchi. Boti ikitoka kwenye trela, haitakwenda popote, na unaweza kuisogeza kwa kulegeza kamba moja na kuvuta nyingine mpaka ikae nje kabisa ya njia. Usizungushe kamba mkononi kwa sababu yoyote ile. Izungushe kwenye kifungio, chuma ndicho kibebe uzito. Pasipo na gati, na ukiwa peke yako, sikushauri kushusha boti mtoni hata kama maji yanaonekana mapole.

Kuna tukio moja la mito mikubwa ambalo ziwa lako halikuwahi kukuonyesha. Meli kubwa au msafara wa matishari unapopita katika mfereji wa mto, maji ya ukingoni hayaanzi kwa kuleta wimbi. Huanza kwa kuondoka. Chombo hicho huyavuta maji kwake, na mteremko huweza kuonekana ukikauka kiasi kikubwa ndani ya sekunde chache, kisha maji hurudi kwa nguvu na kufuatwa na mawimbi. Boti iliyokuwa imeelea nusu juu ya trela hukaa chini kwa kishindo, pengine juu ya rafadha yake, halafu huinuliwa na kutupwa kando ya mihimili. Katika sehemu ya juu ya Mto Mississippi, msafara wa kawaida una matishari 15 yaliyofungwa pamoja na kusukumwa na meli moja. Mzigo wa namna hiyo unaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, na nahodha wake haoni kilicho karibu mbele yake. Ukiona chombo cha aina hiyo kinakuja upande wowote wa mto, usianze kushusha wala kupandisha. Subiri kipite, kisha subiri tena mpaka ukingo utulie.

Sasa nije kwenye kupandisha, ambako nadhani ndiko ulikoteseka zaidi. Boti ilikaa upande mara tatu kwa sababu trela ilizamishwa sana. Ziwani, kuizamisha trela sana ni kosa linalosameheka, kwa kuwa boti huelea juu yake na kubaki mahali ulipoiacha. Mtoni, trela iliyozama sana haina chochote cha kuishika boti. Omo inafika kwenye winchi, lakini tezi inaelea huru na mkondo unaisogeza kando, na gari likivuta, boti hukaa pale ilipo, yaani upande. Kuongeza kina baada ya kushindwa mara ya kwanza, kama wengi wafanyavyo, huzidisha tatizo. Izamishe trela yote ili mihimili ilowe, kisha ivute mpaka theluthi ya mbele ya mihimili iwe imetoka majini. Hapo omo itapanda juu ya mbao zilizolowa, itasuguana nazo, na itashikwa. Nguzo za kuongozea zilizofungwa pande mbili za nyuma ya trela ni kifaa ambacho kwa ziwani ningekuambia ni cha hiari, lakini kwa mtoni naona ni cha lazima, kwa sababu pia zinakuonyesha trela iko wapi wakati maji ni ya tope.

Kabla ya kufika hapo, itue boti kwanza gatini. Pita mteremko kwa mbali, ushuke chini yake, kisha urudi ukipanda dhidi ya mkondo kwa mwendo mdogo. Ukipanda dhidi ya mkondo, unaweza kusimama kabisa kuhusiana na ukingo huku injini ikiendelea kusukuma na usukani ukiendelea kutii. Ukija kwa kufuata mkondo, lazima uende kasi kuliko maji ili usukani ufanye kazi, na kasi hiyo yote huishia gatini. Kamba ya omo ifungwe kwanza. Ndipo mmoja aende kuleta gari.

Kutoka gatini kwenda kwenye trela, usiilenge trela yenyewe. Lenga mahali palipo juu yake kidogo, ukielekeza omo kwa mshazari kuelekea upande wa juu, na uruhusu mkondo ukushushe mpaka uwe mbele ya mihimili. Kiasi cha mshazari kitategemea kile kijiti ulichokihesabia asubuhi, na ni vizuri kurudia jaribio hilo kabla ya kurudi. Karibu na trela, nyoosha omo na uingie kwa mwendo wa mtu anayetembea, wala si polepole zaidi ya hapo, kwa kuwa boti inayositasita mbele ya trela hubebwa. Omo ikishashikwa na mihimili, endelea na gia ya mbele kwa nguvu kidogo, na ugeuze usukani kuelekea upande wa chini wa mto. Maelekezo hayo yanaonekana kinyume, lakini yafikirie: omo haiwezi tena kusogea, kwa hiyo kinachosogea ni tezi, na injini ikielekezwa hivyo huisukuma tezi kuelekea upande wa juu, dhidi ya mkondo. Mmoja akiwa gatini upande wa juu na kamba ya tezi imezungushwa kwenye kifungio, atakusaidia kazi hiyo hiyo kwa usalama zaidi. Msaidizi afunge mkanda wa winchi, nawe uzime injini na kuinyanyua.

Usiipandishe boti hatua za mwisho kwa nguvu ya injini. Mkondo wa rafadha huchimba ardhi iliyo mwishoni mwa zege na kurundika changarawe mita chache nyuma yake, na lile shimo nililokuonya ulipime kwa upondo limechimbwa namna hiyo, na watu waliokuwa na haraka. Tumia winchi, na usisimame kwenye mstari wa mkanda wake ukiwa umekaza. Boti ikikaa sawa, weka mnyororo wa usalama, vuta gari mpaka eneo la maandalizi, na ufanye mengine yote huko. Wanaosubiri nyuma yako hawakasirishwi na mtu anayejaribu mara mbili kwa utaratibu; wanakasirishwa na anayepakua vikapu na kukunja kamba akiwa amesimama katikati ya njia. Ikiwa ni usiku, zima taa kubwa za gari unapoegesha ukielekea mteremko, kwa sababu humpofusha anayerudi kinyumenyume.

Katika eneo hilo la maandalizi kuna kazi ambayo mito mikubwa inaidai kwa haki. Toa kizibo, yamwage maji yote ya ngama, yaani yaliyokusanyika chini ndani ya boti, na ya tangi la samaki, ondoa kila jani na tope kwenye trela, na uikaushe boti kwa angalau siku tano kabla ya kuipeleka kwenye maji mengine. Kome milia, viumbe wadogo wa majini wenye magamba mawili, waligunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, na ndani ya miaka michache walikuwa wameingia Mto Mississippi, wakiziba mabomba ya maji na kuwakaba kome wa asili. Mabuu yao hayaonekani kwa macho na husafiri katika glasi moja ya maji iliyosahaulika ndani ya boti. Magugu maji nayo huanza na kipande kimoja kilichonaswa kwenye ekseli. Wewe unatumia ziwa na mto kwa zamu, na kwa hiyo unaweza kuwa daraja la viumbe hao. Majimbo mengi ya Marekani yamefanya kusafiri na kizibo kikiwa kimefungwa kuwa kosa la kisheria, na naona ni sheria nzuri.

Swali lako la mwisho lilihusu kurudi nyumbani. Kwa mtu aliye na boti ya ukubwa wako, msaidizi mmoja na uzoefu mdogo wa mtoni, mimi naweka mpaka kwenye mita moja kwa sekunde ukingoni. Kijiti kikipita mita kumi kwa chini ya sekunde kumi, usishushe. Usishushe pia kama magogo yanapita, kama maji yanapanda kwa namna unayoweza kuiona kwenye nguzo, au kama upondo haukukuonyesha mwisho wa zege. Jambo linalosahaulika ni kwamba mto unaweza kukuruhusu kushuka asubuhi na kukukatalia kupanda jioni. Kabla ya kuondoka, jua mteremko wa pili ulio karibu, hasa ulio upande wa chini wa mto, ili uweze kuufikia hata injini ikiwa dhaifu, na ujue pia ni wapi kuna hori au mkono wa mto wenye maji yaliyotulia unakoweza kutia nanga. Ukirudi na kukuta mkondo umeongezeka, nenda kwenye maji hayo yaliyotulia, tia nanga ukiwa umeelekeza omo juu ya mto, na umtume msaidizi kwa njia ya nchi kavu apeleke gari kwenye ule mteremko wa pili.